Kura ya Diaspora Isubiri, Kwanza Tujue Nani Anahesabu



Kuna hoja ambayo kila baada ya miezi michache inaibuka upya kama malaria isiyotibiwa vizuri, nayo ni hii ya Watanzania tulio nje kuruhusiwa kupiga kura. Mara utasikia kuna waraka unazungushwa tuusaini, mara mheshimiwa fulani kapita huku, kala pilau letu, kapiga picha na akina mama, kisha kasema suala hilo linafanyiwa kazi. Tunapiga makofi. Akishapanda ndege tunasubiri mheshimiwa mwingine.

Mimi mwenzenu ni muuguzi. Naishi Isipingo, kusini mwa Durban, tangu mwanzoni mwa 2015, na pasipoti yangu bado ni ile ile ya Tanzania. Mara ya kwanza na ya mwisho kupiga kura ilikuwa 2010, nikiwa mwanafunzi. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kunufaika na kura ya diaspora, mimi ni mmojawapo. Pamoja na hayo nasema isubiri, na naomba mnisikilize kabla hamjanirushia mawe.

Sisemi hivyo kwa kudharau haki yetu. Ibara ya 5 ya Katiba inasema kila raia aliyetimiza miaka 18 anayo haki ya kupiga kura, haikusema "isipokuwa aliyepanda ndege". Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyowanyima wafungwa na mahabusu kura ilikwenda kinyume cha Katiba, na baada ya hapo Tume ikaenda kuandikisha magerezani. Sawa kabisa, nami naunga mkono. Lakini maana yake ni kwamba mahabusu anaweza kuwa na kadi ya mpiga kura wakati muuguzi aliyeko Durban, anayelipia ada za wadogo zake watatu, hana. Na inauma zaidi ukiangalia majirani. Hapa Isipingo tumejaa watu tunaoongea Kiswahili, wengi ni Wakongomani wa Uvira na Bukavu, na Warundi. Mwaka 2023 Kongo iliandikisha raia wake katika nchi 5 za nje kwa majaribio, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Wakenya walioko hapa walipiga kura 2017, wakapiga tena 2022. Sisi tunabaki kuwatazama wenzetu wakirudi na wino kidoleni.

Basi kwa nini nasema isubiri?

Nieleze kwanza kitu kimoja cha kazini kwangu, maana ndicho kinachonifanya nifikiri hivi. Katika wodi kuna kabati lenye kufuli ambamo zinakaa mofini, pethidini na dawa nyingine za namna hiyo. Ufunguo anao muuguzi mmoja aliyesajiliwa anayeongoza zamu, hauachwi mezani wala hauingii mfukoni mwa daktari. Zamu ya mchana inapoikabidhi ya usiku, wauguzi wawili, mmoja anayetoka na mmoja anayeingia, wanasimama mbele ya kabati, wanahesabu ampuli moja moja, wanalinganisha na rejesta, kisha wote wawili wanasaini. Ampuli ikivunjika lazima awepo shahidi. Mgonjwa akipewa nusu, ile nusu iliyobaki inamwagwa mbele ya shahidi na inaandikwa. Ukikosea kuandika, hupaki wino mweupe juu yake. Unapiga mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka, unasaini pembeni. Ni saa moja usiku, miguu inauma, teksi za mwisho zinaondoka, na bado mnahesabu.

Hakuna anayeona ametukanwa. Nimefanya kazi miaka mingi na sista mmoja Mzulu, mlokole hasa, mtu ambaye ningemwachia pochi yangu na watoto wangu. Naye tunahesabu, kila siku. Siku akiniambia "leo niamini tu, nimeshahesabu mwenyewe", hapo ndipo nitaanza kumshuku. Utaratibu ule haukuwekwa kwa sababu wauguzi ni wezi, uliwekwa kwa sababu kitu kile kina thamani na mtu yeyote aliyebanwa na shida anaweza kushawishika.

Sasa turudi nyumbani tuangalie kabati letu la kura.

Kwa miaka mingi msimamizi wa uchaguzi katika jimbo alikuwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, anahamishwa na Rais, anatumbuliwa na Rais. Rais huyo huyo ni mwenyekiti wa chama kinachoshindana, na mara nyingi ni mgombea. Hayati Rais Magufuli hakuzunguka mbuyu, alipata kuwaambia hadharani kwamba haiwezekani yeye awateue, awape gari na mshahara, halafu wao wamtangaze mpinzani. Watu wengi walikasirika. Mimi nilimshukuru kwa ukweli wake, maana alieleza mfumo ulivyo kuliko wasomi wetu wote.

Kijana mmoja, Bob Chacha Wangwe, alikwenda mahakamani kupinga jambo hilo. Mei 2019 Mahakama Kuu ikamkubalia kwamba wakurugenzi hawafai kusimamia uchaguzi. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Akaenda na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapo hapo Arusha, na Juni 2023 mahakama hiyo ikaona kwamba utaratibu huo unakiuka Mkataba wa Afrika. Miaka minne ya kuhangaika kwa kitu ambacho muuguzi mwanafunzi anakijua wiki ya kwanza.

Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria mpya, moja ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, nyingine ya Tume. Niwe mkweli, kuna mazuri ndani yake. Ule mchezo wa mgombea kupita bila kupingwa baada ya wenzake wote kuenguliwa kwa kukosea herufi kwenye fomu ulipunguzwa makali, sasa mgombea pekee naye anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kukawa na kamati ya usaili ya kuwachuja wajumbe wa Tume. Na Tume yenyewe ikapewa jina jipya, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Lakini kalamu ya kuteua ikabaki Ikulu. Kuhusu wasimamizi, sheria ikasema watatoka miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Jamani, mtumishi mwandamizi katika halmashauri anaripoti kwa nani kama si kwa mkurugenzi? Hospitali ukibandika lebo mpya kwenye chupa bila kubadilisha kilichomo unafukuzwa kazi. Sisi tuliita mageuzi.

Na hapo sijagusa uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao hata Tume haiusimamii, unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi iliyo chini ya Rais mwenyewe. Mwaka 2019 wapinzani walienguliwa kwa maelfu, vyama vikubwa vikasusa, chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99. Novemba 2024, zikiwa sheria mpya zimeshasainiwa na "4R" zimeshaimbwa mpaka zimechuja, chama hicho hicho kikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 ya viti. Nchi ya watu wanaobishana hata juu ya Simba na Yanga, eti kwa mwenyekiti wa kitongoji wanakubaliana karibu wote!

Hayo yalikuwa mazoezi. Aprili 2025 Tundu Lissu alikamatwa Mbinga akashtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye Tume ikatangaza kwamba CHADEMA, kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili, hakitashiriki uchaguzi wowote kwa miaka 5. Chama hicho kilikuwa kimesema bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Mtu anaweza kubishana na mbinu yao, mimi mwenyewe sikuipenda sana, ila chama kikuu cha upinzani kutolewa nje ya mchezo kwa karatasi moja isiyosainiwa ni jambo la kutisha. Akabaki Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo. Naye akaondolewa, Septemba Mahakama Kuu ikaamuru fomu zake zipokelewe, na mwezi huo huo Tume ikamwondoa tena. Tarehe 29 Oktoba watu wakapiga kura, na Novemba 1 Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66.

Waungwana, kilichotokea katikati ya tarehe hizo mnakijua, mlioko nyumbani mnakijua kwa macho. Vijana waliingia mitaani, risasi zikatumika, Dar ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa tangu siku ya kwanza. Novemba Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Waangalizi wa SADC, ambao kwa kawaida wana adabu ya mkwe mbele ya serikali, walisema safari hii kwamba katika maeneo mengi wananchi hawakuweza kueleza utashi wao. Umoja wa Afrika nao ukasema uchaguzi haukufikia misingi yake.

Mdogo wangu ni muuguzi Mwanza. Siku mbili sikumpata kwa njia yoyote. Siku ya tatu simu ya kawaida ikashika, nikamuuliza kuna nini huko. Akanijibu: "Dada, niko salama, tumelala hospitali, usiniulize kitu kingine kwenye simu." Mimi na yeye tumesoma vitabu vilevile. Ninajua muuguzi akilala hospitali siku tatu maana yake nini. Sikumuuliza.

Ndiyo maana mtu akinijia leo na habari ya sanduku la kura ubalozini Pretoria, ninamuuliza maswali mengine kwanza. Huyo balozi kateuliwa na nani? Karatasi ya matokeo itabandikwa wapi? Nikiona namba iliyotangazwa Dodoma si ile niliyoiona mimi Pretoria, nakwenda kwa nani?

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Ibara ya 74 ya Katiba, ibara ndogo ya 12, inasema hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza jambo lolote lililotendwa na Tume katika kutekeleza kazi zake. Ibara ya 41, ibara ndogo ya 7, inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Soma tena polepole. Ubunge unaweza kuupinga mahakamani, udiwani unaweza, lakini kiti kile kinachomteua jaji, mkuu wa polisi na Tume yenyewe, hapana. Wakili Jebra Kambole alikwenda nalo Mahakama ya Afrika, na Julai 2020 mahakama ikasema ibara hiyo ya 41(7) inavunja haki za raia. Miezi mitatu baadaye tukafanya uchaguzi na ibara ikiwa palepale. Mwaka 2025 vilevile. Marehemu Mchungaji Mtikila yeye alishinda Arusha tangu Juni 2013 kuhusu mgombea binafsi. Amezikwa, na mgombea binafsi hayupo.

Na msidhani wakubwa hawakusikia. Walisikia vizuri sana. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu Mtanzania na asasi zetu kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kesi zilizokuwa zimeshafika ziliendelea, mlango ukafungwa kwa zinazofuata. Mahakama iko Arusha, ardhi yetu, walinzi wetu wa getini, na Mtanzania wa kawaida haruhusiwi kuingia na malalamiko yake.

Wazanzibari watanicheka hapa, maana wao walishaonyeshwa mapema kalamu moja inaweza kufanya nini. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima, kura zikiwa zimeshapigwa na matokeo ya majimbo mengi yameshatangazwa. Hakuna mahali pa kukata rufaa palipomsaidia mtu. Machi 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF ikasusa, mambo yakaisha kama wakubwa walivyotaka yaishe.

Sasa niwaeleze ya huku ninakoishi, na msinielewe vibaya. Afrika Kusini siyo peponi. Niliingia Isipingo Januari 2015, na mwisho wa Machi mwaka huo huo wageni wakaanza kufukuzwa na kupigwa hapa hapa kabla moto haujasambaa Durban nzima. Majirani zangu Wakongomani na Warundi walilala kwenye mahema uwanja wa michezo. Kila uchaguzi ukikaribia najua nitaanza kusikia habari za "wageni" majukwaani, na naanza kutembea na kitambulisho cha kazi shingoni hata siku ya mapumziko. Sina sababu ya kuwapamba hawa.

Lakini tarehe 29 Mei 2024 nimeishuhudia. Mkoa huu wa KwaZulu-Natal ulikuwa umekaa kama baruti. Wiki moja na kidogo kabla, Mahakama ya Katiba ilikuwa imeamua Jacob Zuma hawezi kugombea ubunge kwa sababu ya kifungo chake cha 2021, na kila mtu alikumbuka Julai ya mwaka ule alipofungwa, zaidi ya watu 350 walikufa katika mkoa huu na Gauteng. Hospitali tulipanga zamu za ziada. Watu wakapanga foleni mpaka usiku kwenye shule za jirani, wakapiga kura, masanduku yakafunguliwa pale pale, kura zikahesabiwa pale pale mbele ya mawakala, na karatasi ya matokeo ikabandikwa mlangoni. Nilipita kesho yake natoka kazini nikaisoma kwa macho yangu. Mgeni nisiyepiga kura nikajua kituo kile nani kapata ngapi kabla ya baadhi ya wagombea kujua.

Nani alisimamia vituo? Wengi ni walimu. Watumishi wa umma, watu wa kawaida kama wa kwetu, wenye mikopo na wakubwa wao kazini. Kwa hiyo anayeniambia Tanzania hatuwezi kwa sababu hatuna watu huru, nasema hata huku hawana malaika. Wana karatasi mlangoni, wana wajumbe wa Tume waliosailiwa hadharani mbele ya kamera na jopo linaloongozwa na Jaji Mkuu, kisha majina yakapita Bungeni kabla Rais hajasaini. Na wana mahakama.

ANC, chama cha Mandela, kikatangazwa kupata asilimia 40.18 na kupoteza wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994. Chama cha Zuma, MK, kikapata asilimia 45 ya mkoa huu na bado kikapiga kelele kwamba kimeibiwa, kikaenda mahakamani. Walipotakiwa walete ushahidi, baada ya wiki chache wakaomba kuiondoa kesi yao. Angalieni jambo hili kwa makini. Kuwepo kwa mahakama kulimlinda hata mshindi. Sista wenzangu wa MK waliokuwa wamefura kama chatu walipoa, maana kiongozi wao alikuwa amepewa nafasi ya kuthibitisha. Kwetu mwizi na aliyesingiziwa wizi wote wanabaki na doa lilelile, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kufungua sanduku tuone.

Tume yao hiyo haikufika hapo kwa kusifiwa. Imechapwa viboko. Mwaka 2014 mwenyekiti wake, Pansy Tlakula, alijiuzulu baada ya Mahakama ya Uchaguzi kumwona na makosa katika upangaji wa jengo la makao makuu. Novemba 2015 Mahakama ya Katiba ikafuta chaguzi ndogo za Tlokwe kwa sababu daftari la wapiga kura halikuwa na anwani, ikaiamuru Tume irekebishe. Na mnaotaka kura ya diaspora, jueni kwamba raia wao walioko nje walipanuliwa haki hiyo mwaka 2009 baada ya mwalimu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Uingereza kufungua kesi. Hakusubiri mheshimiwa aje kula pilau. Alikuwa na mahali pa kwenda.

Wakenya nao, pamoja na vurugu zao zote, mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Mwaka 2022 fomu za kila kituo ziliwekwa kwenye tovuti, mwanafunzi wa Eldoret akiwa kitandani akawa anajumlisha mwenyewe. Walibishana sana, lakini walibishana juu ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa nazo.

Kwa wenzetu mlioko Marekani, ambao mwaka 2025 mlikuwa mkituambia "hata huku demokrasia imeharibika", nawajibu kwa mfano wa Georgia. Joe Biden alishinda pale 2020 kwa kura 11,779, zikahesabiwa tena kwa mkono. Januari 2021 Rais Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo, wa chama chake mwenyewe, akimtaka atafute kura 11,780. Akakataa. Aliweza kukataa kwa sababu hakuteuliwa na Rais, alichaguliwa na watu wa Georgia, na Rais hakuwa na namna ya kumtumbua kesho yake asubuhi. Lakini tazameni kilichofuata. Machi mwaka huo huo wabunge wa jimbo wakapitisha sheria iliyomwondoa kwenye uenyekiti wa bodi ya uchaguzi na kumnyima kura ndani yake. Wenye madaraka hawaibi sanduku siku hizi, wanabadilisha nani anashika ufunguo. Wamarekani wamelijua hilo, wanapigana nalo mahakamani kila mwaka. Mkurugenzi wetu wa halmashauri akipigiwa simu kama ile, mnadhani atajibu nini? Na mnadhani simu itahitaji hata kupigwa?

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza: "wewe uko nje, unajua nini?" Najua bei ya unga nyumbani kwa sababu ninaulipia. Ya pili ni nzito zaidi, niliambiwa na kaka mmoja wa Johannesburg ninayemheshimu. Alisema: "Dada, tuchukue kwanza hicho kidogo wanachotupa, tukishakuwa wapiga kura watatusikiliza, mengine tutadai tukiwa ndani." Nimelifikiria sana neno lake. Ningekubaliana naye kama kura zetu zingekuwa kweli za kuhesabiwa. Lakini ulizeni majirani zangu Wakongomani. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki, lenye waangalizi 40,000, lilisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyakusanya vituoni. Mwaka 2023 diaspora yao ikaongezwa, na baada ya uchaguzi tume yao yenyewe ikalazimika kufuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu. Jirani yangu alipanda basi usiku kucha kwenda kupiga kura. Hajutii, ila hawezi kukuambia kura yake ilifikia wapi. Sisi tukiingizwa hivyo hivyo, siku ya kutangaza tutasikia diaspora nayo imetoa asilimia 97, na hatutakuwa na pa kwenda kusema kwamba tulikuwa 300 tu ukumbini na nusu yetu tulikuwa tunanuna.

Kwa hiyo waraka utakaoletwa kwangu safari ijayo nitausaini ukiwa na mambo haya kabla ya neno ubalozi. Ibara ya 41(7) na ya 74(12) zifutwe, na tamko la Mahakama ya Afrika lirudishwe. Fomu ya matokeo ya kila kituo, nasema kila kituo kuanzia Kagera mpaka Mtwara, iwekwe hadharani siku ile ile, na wakala asipewe nakala kama hisani. Msimamizi wa jimbo aajiriwe na Tume na mkataba wake asiweze kuuvunja mtu ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya kura. TAMISEMI iondoke kwenye uchaguzi wa mitaa. Katiba mpya ndiyo njia yenyewe, tuliianza kwa Tume ya Jaji Warioba tukaiacha 2014 na Katiba Inayopendekezwa ambayo haijawahi kupigiwa kura ya maoni, lakini kwa haya niliyoyataja hata marekebisho ya kawaida ya Bunge yanatosha, hayahitaji kongamano la miaka 10 wala semina elekezi Ngurdoto.

Kingine tunachoweza kufanya sisi tulio nje, na hakihitaji ruhusa ya mtu, ni pesa. Tunachangia harusi kwa laki tano tano. Wakala wa chama chochote kile, awe wa CCM, wa ACT au wa CHADEMA ikiruhusiwa, anakaa kituoni tangu saa kumi na mbili asubuhi bila chakula, na mara nyingi anauza kiti chake kwa elfu ishirini na sahani ya wali ikifika saa kumi jioni. Anayebaki mpaka usiku ndiye anayeona namba. Tukubaliane vyama vya Watanzania wa Durban, Johannesburg na Cape Town kila kimoja kichukue kata moja ya nyumbani, kilipie chakula, nauli na simu yenye kamera kwa mawakala wa vyama vyote vitakavyokuwamo, bila kujali rangi ya kofia. Wa Isipingo tumeshahesabiana, tuko 14 tulio tayari, na kata tunayoifikiria iko Muheza. Anayejua sheria ya michango kwa vyama inasemaje kuhusu pesa ya raia aliye nje, naomba atueleze kabla hatujaanza kuchanga.

Naomba kuwasilisha.